Redio ya Mikono Yenye Kazi

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilikataza wimbo mmoja wa Kimarekani kuhusu Texas usipigwe katika kipindi cha Music While You Work. Wimbo wenyewe haukuwa na tusi, wala siasa, wala siri ya jeshi. Kosa lake lilikuwa makofi manne yanayofuatia mstari. Wafanyakazi wa viwandani, waliokuwa wakiusikiliza kupitia vipaza sauti huku wakiunda silaha na vipuri vya ndege, wangeachia walichoshika ili wapige makofi, au, vibaya zaidi, wangeyapiga kwa spana juu ya mashine. Mwanamuziki Wynford Reynolds, aliyekabidhiwa usimamizi wa kipindi hicho, alikuwa na masharti mengine ya aina hiyohiyo: sauti ya bendi isipande na kushuka, kwa sababu kipande cha chinichini kingemezwa na mngurumo wa karakana; nyimbo ziwe zile ambazo watu wanazijua tayari; na waimbaji wasiwepo, kwa kuwa maneno ya wimbo katikati ya kelele huongeza kelele tu. Kipindi hicho kilianza tarehe 23 Juni 1940, kikidumu nusu saa, asubuhi na alasiri, katika zile saa ambazo mwili wa mfanyakazi huanza kulegea na macho kuelekea saa ya ukutani.

Nimeanzia kiwandani kwa makusudi. Burudani nyepesi ya redio ya Uingereza ya katikati ya karne iliyopita hukumbukwa zaidi kwa vichekesho vyake vya usiku, na wanaoiandikia huwa na haraka ya kufika kwa wachekeshaji Spike Milligan na Tony Hancock, kana kwamba saa zote za mchana zilikuwa sebule ya kusubiria. Mimi nauona mchana kuwa ndio uliokuwa moyo wa kazi ile. Masikio hayana pazia, na mtu anayemenya viazi, anayepiga pasi au anayekaza skrubu ya mia tatu tangu asubuhi ana masikio ambayo hayajaajiriwa na mtu. Watangazaji wa Uingereza walimjua msikilizaji huyo kwa undani wa kushangaza, wakamtengenezea siku nzima. Yule mwingine, aliyemaliza kazi na kukaa kitini mikono imekunjwa, walikuwa naye kwa muda tu.

Idhaa iliyobeba sehemu kubwa ya burudani hiyo baada ya vita ilikuwa Light Programme, iliyofunguliwa tarehe 29 Julai 1945, miezi michache tu baada ya bunduki kunyamaza Ulaya, ikirithi nafasi ya idhaa ya wanajeshi. Ilisikika kwenye masafa marefu, mita 1500, kutoka mtambo wa Droitwich, mawimbi yaliyofika karibu kila pembe ya nchi na mbali baharini. Ndiyo maana utabiri wa hali ya hewa kwa mabaharia, wenye majina ya maeneo ya bahari kama Dogger na Cromarty, ulisomwa katikati ya muziki wa dansi, kwa utulivu uleule uliotumika kumtambulisha mpiga kinanda. Jina la idhaa lilichezea maana mbili ambazo Kiswahili kingezitenganisha: wepesi na mwanga. Mkurugenzi Mkuu wa BBC wa wakati huo, William Haley, alikuwa na matumaini na maana hiyo ya pili. Aliziona idhaa zake kama piramidi: msikilizaji aanzie chini kwenye Light Programme, apande hadi Home Service, idhaa ya habari na mazungumzo, na hatimaye afike kileleni kwenye Third Programme, iliyofunguliwa tarehe 29 Septemba 1946 kwa ajili ya muziki mzito, ushairi na falsafa.

Lilikuwa wazo la heshima, na sidhani kama lilikuwa na uhusiano wowote na jikoni. Mtu aliyeshika kikaango hapandi ngazi. Kilichofanya kazi kweli ni ratiba iliyokubali kwamba msikilizaji hatasogea alipo, na kwamba redio ndiyo itakayomfuata.

Tuchukue siku ya kawaida ya juma mnamo mwaka 1950 au 1951. Saa tatu na dakika kumi asubuhi, waume wakiwa wameshaondoka na watoto wameshapelekwa shule, ulisikika muziki mchangamfu wa okestra wa kufungulia Housewives' Choice, kipindi cha nyimbo za kuombwa kilichoanza Machi 1946. Kadi za posta ziliingia kwa maelfu, na mtangazaji, ambaye alibadilishwa mara kwa mara ili sauti isichoshe, alisoma jina, mtaa na sababu ya ombi, kisha akaweka sahani ya santuri. Sisi tuliokulia kwenye kadi za salamu hatuhitaji kuelezwa ladha ya jambo hilo: jina lako linapotajwa hewani, jirani amesikia, na siku yako imekuwa tofauti na ya jana. Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo msikilizaji wa leo halioni kwa urahisi. Santuri zilikuwa adimu redioni. Makubaliano na kampuni za kurekodi, yaliyoungwa mkono na chama cha wanamuziki kilichotaka wanachama wake wapate ajira, yaliweka kikomo cha saa ambazo BBC ingeweza kupiga muziki wa sahani kwa wiki. Saa nyingi zilizobaki zilijazwa na bendi zilizopiga ndani ya studio. Kwa hiyo mama aliyeandika kadi hakuwa akiomba tu wimbo. Alikuwa akiomba sauti yenyewe ya mwimbaji anayempenda, badala ya nakala ya wimbo huo kutoka kwa okestra ya zamu.

Dakika tano kabla ya saa nne palikuwa na hadithi fupi ya dini, wimbo na dua, halafu muziki ukarejea. Saa nne na nusu ilikuwa zamu ya Music While You Work, ambacho sasa, vita vikiwa vimekwisha, kilisikilizwa viwandani na majumbani kwa pamoja. Hapo ndipo ninapoona akili ya ratiba ile. Mwanamke aliyekuwa akisugua sakafu na binti aliyekuwa kwenye mstari wa uzalishaji walisikia bendi ileile, kwa mwendo uleule, dakika ileile, na hakuna aliyehitaji kutazama chochote.

Lakini isidhaniwe kwamba ratiba hiyo ilikuwa fadhila tupu. Kujua mtu yuko wapi kila saa ni hatua moja tu kabla ya kumwambia awe wapi. Vitalu vya kulelea watoto vilivyofunguliwa wakati wa vita vilifungwa kwa wingi, wanawake wengi waliokuwa wameendesha mashine walirudishwa nyumbani, na idhaa ikawa inachora ramani ya siku yao kana kwamba hawakuwahi kuwa na nyingine. Nyumba zenyewe hazikuwa za raha. Mkate, ambao haukupimwa kwa kuponi hata wakati wa vita, ulianza kupimwa Julai 1946 na kuendelea hivyo kwa miaka miwili. Mgawo wa nyama haukuondolewa hadi Julai 1954. Kwa mwanamke aliyepanga foleni ya nyama kisha akarudi kufua kwa mikono, neno “nyepesi” lilielezea redio yake tu. Kazi yake ilikuwa nzito.

Adhuhuri ilikuwa ya kantini. Workers' Playtime, kilichoanza Mei 1941 kwa baraka za Ernest Bevin, waziri wa kazi aliyetoka katika vyama vya wafanyakazi, kiliwapeleka wachekeshaji na waimbaji hadi mahali watu wanapokula chakula chao, kwenye jukwaa la kuungaunga mbele ya meza. Wakati wa vita jina la kiwanda halikutajwa. Ilitosha kusema kwamba matangazo yanatoka kantini mahali fulani nchini Uingereza. Mtayarishaji wake aliitwa Bill Gates, ambaye hahusiani kabisa na tajiri wa kompyuta, na alikuwa akifunga kipindi kwa kuwatakia heri wafanyakazi wote. Kilianzia Home Service, kikahamia Light Programme mwaka 1957, kikaisha 1964. Mizaha yake mingi imezeeka vibaya. Sidhani kama hilo lina uzito, kwa kuwa haikutungwa ili isomwe na wachambuzi miaka 70 baadaye. Ilitungwa ili mtu acheke kabla ya king'ora cha kurudi kazini.

Saa nane kasorobo, kuanzia Januari 1950, ikawa ya watoto ambao hawajaanza shule. Listen with Mother kilidumu robo saa, na msimulizi alianza kwa kuuliza kama mmekaa vizuri, kisha akasema, basi nitaanza. Swali hilo limekuwa msemo wa Waingereza hadi leo, na ni swali la busara, kwa sababu lilimkalisha mtoto chini, na likamkalisha mama pia, labda kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Mtoto akishapata hadithi na nyimbo zake, kipindi kilichofuata, saa nane kamili, kilikuwa cha mama mwenyewe.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu Woman's Hour ndicho kipindi kinachonifanya nisite kuiita idhaa ile chombo cha kuwatuliza watu tu. Kilianza tarehe 7 Oktoba 1946, wazo la Norman Collins aliyekuwa akiiongoza Light Programme, na mtangazaji wake wa kwanza alikuwa mwanamume, Alan Ivimey. Kwamba wakuu wa shirika waliketi, wakatafakari ni nani atakayezungumza na wanawake wa Uingereza kila alasiri, wakamchagua bwana mmoja, linaeleza mengi kuhusu chumba cha mikutano kuliko kuhusu wanawake. Siku za mwanzo zilikuwa na mapishi, urembo na ushauri wa nyumba, na wasikilizaji hawakuchelewa kusema kwamba wanayajua hayo. Kiti cha mtangazaji kikaja kukaliwa na wanawake, na kabla miaka ya 1940 haijaisha kipindi kilikuwa kimeshazungumzia hewani kukoma kwa hedhi, kwa maneno ya kitabibu, mchana kweupe. Ndani ya shirika walikuwapo maofisa walioona aibu. Ukweli ni kwamba mazungumzo ya aina hiyo yasingepita kirahisi kwenye saa za jioni, ambapo familia nzima imezunguka redio na baba ameshika gazeti. Yalipita saa nane mchana kwa sababu wakuu walidhani hakuna anayesikiliza ila mama anayekunja nguo. Saa iliyodharauliwa ilikuwa na uhuru ambao saa za heshima hazikuwa nao.

Mrs Dale's Diary, mchezo wa kila siku ulioanza Januari 1948, ulikuja baadaye alasiri na kurudiwa asubuhi ya kesho yake, ili aliyekosa kwa sababu ya foleni asipitwe. Bibi Dale alikuwa mke wa daktari katika kitongoji cha watu wa hali ya kati, na wasiwasi wake wa kudumu kuhusu mumewe, Jim, ukawa dhihaka ya taifa. Wachambuzi waliucheka. Lakini mchezo wa kuigiza unaosikilizwa na mtu anayeingia na kutoka jikoni hauwezi kuandikwa kama ule wa jukwaani: lazima kila jambo lisemwe mara mbili, kila mtu aitwe kwa jina anapozungumzishwa, na hakuna siri inayoweza kutegemea neno moja, kwa sababu neno hilo litaangukia wakati birika linapiga mluzi. Kile walichokiita udhaifu wa uandishi kilikuwa, kwa sehemu kubwa, adabu kwa msikilizaji mwenye shughuli.

Saa moja kasorobo jioni ndiyo iliyokuwa mpaka. Kuanzia Oktoba 1946 saa hiyo ilimilikiwa na Dick Barton, jasusi wa kujitegemea ambaye kila jioni aliachwa katika hatari ya kufa, kwa dakika 15, huku muziki wa mbio ukimfukuza. Inakadiriwa kwamba katika kilele chake alisikilizwa na watu milioni 15. Kwa kuwa watoto walimpenda kupita kiasi, BBC iliwawekea waandishi wake kanuni za maadili, ikamfanya shujaa asiye na pombe wala mapenzi. Machi 1951 aliondolewa, na saa yake ikapewa familia ya wakulima.

Mchezo wa familia hiyo, The Archers, uliojaribiwa Midlands, eneo la katikati ya Uingereza, mwaka 1950 na kuanza kusikika nchi nzima tarehe 1 Januari 1951, ulibuniwa na Godfrey Baseley kwa ushirikiano na Wizara ya Kilimo, na kusudi lake la kwanza halikuwa burudani. Nchi ilikuwa bado kwenye mgawo wa chakula, wakulima wadogo walihitaji kujua kuhusu malisho, magonjwa ya mifugo na mbinu mpya, na hotuba za wataalamu hazikuwa zikisikilizwa. Mkulima mmoja kwenye mkutano wa Birmingham alisema kinachotakiwa ni Dick Barton wa kilimo. Hivyo ushauri ukafichwa ndani ya ugomvi wa kifamilia, ukaletwa saa ambayo mkulima ameshaingia ndani na chakula kiko mezani. Kwa maoni yangu hakuna mfano bora zaidi wa namna wepesi unavyoweza kubeba mzigo, na dalili yake ni kwamba msikilizaji hakusikia uzito.

Baada ya hapo usiku uliingia, na kwa kweli ulikuwa usiku wenye vipaji vingi mno. Wilfred Pickles, mzaliwa wa Halifax, alizunguka na Have a Go kwenye kumbi za vijiji na miji midogo, akiwauliza vikongwe kama wana wachumba, kwa lafudhi ya Yorkshire ambayo miaka michache kabla, alipopewa kusoma taarifa ya habari wakati wa vita, iliwaudhi wasikilizaji waliozoea Kiingereza cha London. Peter Brough alipata umaarufu kwa Educating Archie, na ukilifikiria jambo hilo kwa makini utacheka hata bila kukisikia kipindi: yeye alikuwa msemesha-mwanasesere, fundi wa kuzungumza bila midomo kuonekana, na kazi hiyo aliifanya redioni, ambako midomo ya kila mtu haionekani. Mamilioni waliamini kabisa kwamba Archie, yule mwanasesere, yupo.

Vichekesho hivyo vilipita kwanza kwenye chujio. Mwongozo wa ndani wa BBC kwa waandishi na watayarishaji, uliotolewa mwishoni mwa miaka ya 1940, uliorodhesha yasiyochekewa: vyoo, chupi za wanawake, maharusi walio fungate, wahudumu wa kike wa hotelini, wachuuzi wa kusafiri na hata tabia za sungura. Ni rahisi kuudhihaki mwongozo huo, na waandishi wenyewe waliudhihaki kwa kutafuta njia za kuupita. Hata hivyo haukuwa wazimu. Kipindi kilichosikilizwa na bibi, mjukuu na mpangaji ndani ya chumba kimoja, kwenye redio moja, kilihitaji utani ambao hakuna kati yao angelazimika kutoka nje kwa ajili yake.

Kazi iliyo bora kuliko zote, kwangu, ni ya Hancock. Hancock's Half Hour kilianza Light Programme mwezi Novemba 1954, na waandishi wake, Ray Galton na Alan Simpson, waliondoa nyimbo zilizokuwa zikikatiza vichekesho, wakaacha nusu saa nzima ya hadithi moja. Mwaka 1958 walitunga kipindi kuhusu Jumapili alasiri nyumbani, ambamo hakuna linalotokea. Mvua inanyesha. Hancock anapiga miayo, anauliza saa, anakaa kimya kwa muda ambao mtangazaji yeyote angeuona ni wa kufisha, kisha anagundua kwamba akikodoa macho kwenye maua ya karatasi ya ukutani anaona sura ya mzee mwenye kiko. Ni kilele cha sanaa ya redio, na ni kipindi kuhusu watu wasio na kazi ya mikono. Mwaka uleule leseni za televisheni nchini Uingereza zilizizidi kwa idadi leseni za redio peke yake.

Mambo yalikuwa yamekwisha kugeuka. Tarehe 2 Juni 1953 waliotazama kutawazwa kwa Malkia Elizabeth kwenye televisheni, wengi wao wakiwa wamejazana kwa jirani, waliwazidi waliosikiliza redio. Tarehe 22 Septemba 1955, usiku ambao televisheni ya kibiashara ilikuwa inafunguliwa, waandishi wa The Archers walimuua mhusika wao Grace Archer kwa moto katika zizi la farasi, na nchi ikaamka ikiomboleza. Sijawahi kuamini kwamba tarehe hiyo iliangukia hapo kwa bahati. Ulikuwa ushindi wa siku moja. Aliyekuwa akikaa jioni mikono imekunjwa alipewa picha, akaigeukia. Hancock mwenyewe alihamia huko. Brough naye alijaribu, na watazamaji wakaona kwamba midomo yake inacheza.

Mchana haukuhama. Light Programme ilifungwa Septemba 1967, Housewives' Choice na Music While You Work vikaondoka na majina yao, lakini asubuhi ya siku iliyofuata bado kulikuwa na mtangazaji mchangamfu, barua za wasikilizaji na muziki wa kufanyia kazi, sasa kwenye idhaa mpya za Radio 1 na Radio 2, na redio za transista zilizoweza kubebwa hadi uani. The Archers bado wako hewani. Woman's Hour nacho bado kipo, ingawa si saa nane tena. Mwaka 1991 wakuu wa BBC walikiondoa alasiri, ambako kilikuwa kimekaa kwa miaka 45, wakakipeleka asubuhi, na malalamiko yakamiminika. Kipindi kilikuwa kilekile. Kilichoguswa kilikuwa saa tu. Kilipelekwa saa nne na nusu, nafasi ambayo zamani bendi ya Music While You Work ilikuwa ikianza kupiga.